Jinsi ya Kughairi Oda Uliyoiweka kwa Makosa Kwenye Soko la Mtandaoni

Makosa ya ununuzi mtandaoni hugundulika mara nyingi pale uthibitisho wa oda unapoingia kwenye barua pepe, na mnunuzi akausoma kwa utulivu ambao hakuwa nao alipokuwa akilipa. Ndipo anapoona kwamba ameagiza chaja mbili badala ya moja, kwamba kioo alichonunua ni cha toleo jingine la simu, kwamba mzigo unapelekwa kwenye nyumba aliyokwisha kuhama, au kwamba mtoto aliyekuwa akichezea simu ndiye aliyebonyeza kitufe cha kununua. Makosa haya yote yana tiba, lakini tiba yenyewe hubadilika kadiri saa zinavyokwenda. Anayelielewa hilo hulimaliza jambo lake kwa dakika chache, ilhali anayengoja hadi kesho huenda akaingia katika kazi ya kufungasha na kurudisha bidhaa ambayo angeweza kuiepuka.

Kuna mambo mawili ambayo wanunuzi wengi huyachanganya. Kughairi oda ni kuuvunja ununuzi kabla bidhaa haijaondoka kwa muuzaji. Kurudisha ni kuirejesha bidhaa iliyokwisha kutumwa au kupokelewa. Njia hizi mbili zina vitufe tofauti, masharti tofauti na gharama tofauti, na anayeomba kughairi wakati mzigo umeshapakiwa hujibiwa hapana hata kama kosa lake ni la wazi na ombi lake ni la adabu. Basi hatua zote zinazofuata zinategemea swali moja: bidhaa iko wapi sasa hivi?

Hakikisha kwanza kwamba oda ipo kweli

Kabla ya kughairi chochote, fungua programu ya soko husika au andika mwenyewe anwani ya tovuti yake, ingia kwenye akaunti yako, kisha tazama orodha ya oda zako. Usipitie kiungo kilichomo ndani ya barua pepe au ujumbe mfupi, hata kama ujumbe huo unafanana kabisa na zile unazozipokea kila unaponunua kitu. Upo utapeli uliozoeleka ambao huanza kwa kukutumia uthibitisho wa bandia wa bidhaa ya bei kubwa ambayo hukuinunua, na chini yake pamewekwa namba ya simu ya kupiga ukitaka kughairi. Mtu aliyeshtuka hupiga. Anayepokea hujifanya mhudumu wa soko, humtaka aweke programu inayomwezesha mhudumu huyo kuiongoza kompyuta au simu yake kutoka mbali, au humtaka ataje namba ya siri ya uthibitisho ambayo benki imemtumia punde, na hapo ndipo fedha zinapotoka kweli. Kwa sababu hiyo hiyo, namba ya huduma kwa wateja isitafutwe kwenye mitambo ya kutafutia habari, kwa kuwa matapeli hujitangaza humo. Ichukuliwe ndani ya akaunti yako, kwenye sehemu ya msaada.

Ikiwa oda haionekani kwenye akaunti na benki haina muamala unaolingana nayo, hakuna cha kughairi, na ujumbe ule unafaa kufutwa. Ikiwa oda inaonekana lakini wewe wala mtu wa nyumbani kwako hakuna aliyeiweka, basi akaunti yako imeingiliwa. Badilisha nywila, ondoa vifaa usivyovitambua kwenye orodha ya vifaa vilivyoingia, iarifu benki yako, kisha ripoti oda hiyo kama ununuzi usioidhinishwa. Kuieleza kama kosa la kawaida kutakupeleka kwenye dawati lisilo lake.

Soma hali ya oda

Oda ikishathibitika kuwa ni yako, tazama hali yake. Maneno hutofautiana kutoka soko moja hadi jingine, lakini kwa kawaida utakuta kwamba oda imepokelewa, inaandaliwa, imetumwa au imefikishwa. Ili kuyaelewa maneno haya vizuri inafaa kujua yanayotendeka ghalani. Oda iliyolipiwa hukaa kwenye foleni ya mfumo hadi mfanyakazi apewe kazi ya kuichukua bidhaa rafuni. Bidhaa hupelekwa kwenye meza ya kufungashia, huwekwa kwenye boksi au mfuko, kisha lebo yenye anwani na namba ya kufuatilia mzigo huchapishwa na kubandikwa. Kabla lebo haijachapishwa, mfumo unaweza kuiondoa oda kwenye foleni bila mtu yeyote kuhangaika. Baada ya hapo kifurushi chako ni kimoja kati ya vingi vinavyopita kwenye mkanda, na kukisaka ili kukitoa ni kazi ambayo maghala makubwa hayako tayari kuifanya kwa ajili ya mnunuzi mmoja. Ndiyo maana kitufe cha kughairi hutoweka mapema kuliko watu wanavyotarajia, na wakati mwingine hutoweka ilhali hali ya oda bado inasomeka kwamba inaandaliwa.

Muuzaji mdogo anayefungasha bidhaa mwenyewe ana mwendo mwingine. Wengi wa aina hiyo hukusanya oda za siku nzima na kuzipeleka kwa msafirishaji kwa pamoja, na kwa hiyo oda iliyowekwa usiku inaweza kughairiwa asubuhi bila shida, mradi ujumbe wako umfikie kabla hajatoka na mizigo yake. Kwa upande mwingine, yeye hana mfumo wa kuizuia oda yako kwa niaba yake. Usipomwambia, hajui.

Masoko makubwa yameweka mipaka ya muda ambayo ni vyema kuifahamu. Kwenye eBay, mnunuzi anaweza kutuma ombi la kughairi ndani ya saa 1 tangu aliponunua, iwapo muuzaji hajaituma bidhaa, na muuzaji ana siku 3 za kulikubali au kulikataa. Saa hiyo ikipita, njia iliyobaki ni kumwandikia muuzaji na kumwomba aghairi yeye. Kwenye Amazon, bidhaa inayouzwa na muuzaji asiye Amazon yenyewe, anayeituma mwenyewe, inaweza kughairiwa moja kwa moja ndani ya dakika 30, na baada ya hapo kitufe hicho hicho huwa ni ombi linalokwenda kwa muuzaji. Bidhaa zinazotoka kwenye maghala ya Amazon yenyewe hughairika mradi hazijaingia katika hatua ya kusafirishwa. Kwenye masoko mengine hakuna saa iliyotajwa, bali kipimo ni kama mzigo umetumwa au la.

Kughairi kwa kitufe

Ingia kwenye orodha ya oda, bonyeza oda inayohusika ili ufungue maelezo yake kamili, na utafute neno la kughairi. Mara nyingi halionekani kwenye orodha yenyewe. Huwa limefichwa ndani ya menyu ya vitone vitatu, au chini ya sehemu ya msaada wa oda. Kwenye simu, programu inaweza kukosa chaguo ambalo tovuti inalo, hivyo usipoliona jaribu kuifungua tovuti kwa kivinjari kabla hujakata tamaa.

Ikiwa oda moja ina bidhaa kadhaa, weka alama kwenye ile unayotaka kuiondoa pekee. Hapa pana mtego ambao huwakamata hata wazoefu: punguzo au usafirishaji wa bure uliopewa kwa sababu jumla ya oda ilifikia kiasi fulani unaweza kuondolewa baada ya bidhaa moja kutolewa, na kuponi uliyoitumia si lazima irudi kwenye akaunti yako. Soma kiasi kitakachorejeshwa kabla ya kuthibitisha. Zaidi ya hayo, oda moja inaweza kuwa imegawanyika kwa wauzaji wawili au watatu bila wewe kutambua, na kila mmoja wao anahitaji ombi lake.

Utaulizwa sababu, na ninashauri swali hili lijibiwe kwa ukweli kuliko linavyojibiwa na wengi. Masoko huwapima wauzaji kwa idadi ya oda zinazoghairiwa kwa makosa yao, na alama hizo huathiri mahali bidhaa zao zinapoonekana na hata haki yao ya kuendelea kuuza. Mnunuzi aliyebonyeza haraka sababu ya kwanza kwenye orodha, tuseme kwamba bidhaa haikuwepo au kwamba muuzaji amechelewa, humtwisha mtu mwingine kosa ambalo ni lake. Isitoshe, muuzaji anayeona sababu ya uongo ana kila haki ya kulipinga ombi hilo, na jambo ambalo lingekwisha kwa saa moja likageuka mabishano. Chagua sababu inayosema kwamba uliagiza kwa makosa au kwamba umebadili nia. Ndiyo inayomrahisishia muuzaji kukubali.

Ukishathibitisha, usiondoke hadi uone hali mpya ya oda. Kuna tofauti kubwa kati ya oda iliyoghairiwa na oda ambayo ombi lake la kughairi limepokelewa. Ya pili bado inaweza kutumwa. Piga picha ya skrini inayoonyesha namba ya oda, tarehe na saa ya ombi. Picha hiyo itakuwa na kazi iwapo mzigo utatumwa baada ya wewe kuomba usitumwe.

Kumwandikia muuzaji

Kitufe kisipokuwepo, au kikiwa ni ombi linalosubiri kibali, mwandikie muuzaji mara moja kupitia sehemu ya ujumbe ya soko lenyewe. Ujumbe uliotumwa humo huhifadhiwa na soko na unaweza kuonekana na waamuzi iwapo kutatokea mgogoro. Mazungumzo ya pembeni, kwa simu au kwa programu nyingine ya ujumbe, hayahesabiki. Ujumbe wenyewe uwe mfupi, utaje namba ya oda, useme kosa ni lako, na uache njia ya pili iwapo ya kwanza imefungwa. Kwa mfano:

"Habari. Niliweka oda hii asubuhi ya leo kwa makosa. Nilichagua ukubwa wa kati badala ya ukubwa wa juu. Ikiwa hujaituma, naomba uighairi na sababu iandikwe kwamba ni ombi la mnunuzi. Ikiwa umeshaituma, tafadhali nijulishe ili nifuate utaratibu wa kurudisha. Samahani kwa usumbufu, na ahsante."

Hakuna haja ya kueleza zaidi ya hapo. Hadithi ndefu kuhusu mtoto, mtandao uliokwama na siku mbaya kazini humfanya muuzaji atafute ombi liko wapi ndani yake, na muuzaji mwenye oda nyingi husoma mistari miwili ya mwanzo tu. Vitisho vya kumpa alama mbaya havisaidii pia. Kwenye masoko kadhaa vinaweza kuhesabiwa kuwa ni uvunjaji wa masharti kwa upande wako.

Muuzaji akijibu kwamba anakubali, lakini akakutaka umalize jambo hilo nje ya soko, kwa mfano kwa kukurejeshea fedha kwa njia nyingine baada ya wewe kubonyeza kwamba umepokea mzigo, kataa. Kubonyeza kwamba umepokea mzigo kwa kawaida humwachia muuzaji fedha zilizokuwa zimeshikiliwa na soko, na hivyo unajivua ulinzi wako kwa mkono wako mwenyewe.

Kosa likiwa ni la anwani peke yake, angalia kwanza kama soko linaruhusu kuibadilisha kabla ya mzigo kutumwa, kwa kuwa si lazima uighairi oda nzima. Mahali ambapo haliruhusu, kama ilivyo eBay baada ya kununua, njia ni kughairi na kununua upya kwa anwani sahihi. Muuzaji akikataa kutuma kwenye anwani uliyomwandikia kwenye ujumbe, usimwone mkaidi: ulinzi anaopewa na soko dhidi ya madai ya mzigo kutofika hutegemea kutuma kwenye anwani iliyomo ndani ya oda, na nje ya hapo anabaki bila kinga.

Mnada una sheria zake

Kwenye mnada, dau ni ahadi ya kununua, na aliyeshinda amefunga mkataba. Hata hivyo eBay huruhusu kuondoa dau kwa sababu chache, na mojawapo ni kuandika kiasi kisicho sahihi kwa bahati mbaya, kama mtu aliyesahau nukta na kuandika 9950 badala ya 99.50. Mnada ukiwa umebakiza zaidi ya saa 12, unaweza kuondoa dau lako, na madau yako yote kwenye bidhaa hiyo yatafutwa; ukiwa umebakiza chini ya saa 12, unaruhusiwa kuondoa lile la mwisho tu, tena ndani ya saa 1 tangu ulipoliweka. Ukishaondoa dau lenye kosa unatarajiwa kuweka mara moja lililo sahihi. Kubadili nia tu si sababu inayokubalika, na hilo ni la haki, kwa kuwa dau lako huwapandishia bei wengine wakati likiwa hai. Mnada ukishakwisha na wewe ukawa mshindi, umebaki na hiari ya muuzaji peke yake.

Mzigo ukiwa umeshatumwa

Hapa kughairi kumekwisha, na usipoteze muda kuendelea kuomba oda ighairiwe. Njia moja ni kukataa kifurushi kinapoletwa mlangoni, bila kukifungua, ili msafirishaji akirudishe kwa muuzaji. Njia hii ni nyepesi lakini ina hatari mbili: kifurushi kilichokataliwa wakati mwingine hupotea njiani kikirudi, nawe huna risiti ya kuonyesha kwamba ulikirudisha, na wauzaji wengine hukata gharama ya safari zote mbili. Mwandikie muuzaji kabla, mweleze kwamba utakikataa, na uhifadhi namba ya kufuatilia mpaka itakapoonyesha kwamba kimefika kwake. Njia ya pili, ambayo mimi huiona kuwa salama zaidi japo ina kazi, ni kukipokea, kukiacha kama kilivyo, na kufungua ombi la kurudisha ndani ya soko ili upewe lebo yenye namba yake.

Katika hatua hii sheria ya mahali muuzaji na mnunuzi walipo huanza kuwa na uzito. Ndani ya Umoja wa Ulaya, Agizo la 2011/83/EU, linalotumika tangu Juni 2014, humpa mlaji anayenunua kwa mbali kutoka kwa mfanyabiashara haki ya kujitoa bila kutoa sababu, ndani ya siku 14 tangu apokee bidhaa, na haki hiyo anaweza kuitumia hata kabla bidhaa haijafika. Mfanyabiashara hurejesha fedha ndani ya siku 14 tangu aarifiwe, pamoja na gharama ya kawaida ya usafirishaji wa kwanza, ingawa anaweza kuzishikilia mpaka aione bidhaa au ushahidi kwamba imetumwa. Mnunuzi kwa kawaida hulipa gharama ya kurudisha. Jambo linalowaponyoka wengi ni kwamba kukataa kifurushi mlangoni au kukirudisha kimyakimya hakutoshi. Ni lazima mfanyabiashara aambiwe kwa maneno ya wazi kwamba mnunuzi anajitoa. Uingereza ina kanuni zake za mwaka 2013 zenye siku 14 hizo hizo.

Haki hiyo ina mipaka. Haihusu vitu vilivyotengenezwa kwa vipimo au maelezo ya mnunuzi, vyakula vinavyoharibika haraka, wala bidhaa zilizofungwa kwa sababu za usafi na zikafunguliwa. Tena inamhusu mfanyabiashara, si mtu binafsi anayeuza kochi lake la zamani. Kwa upande mwingine, kitu kilichonunuliwa kwenye mnada wa mtandaoni kutoka kwa mfanyabiashara bado kinalindwa, kwa kuwa msamaha wa minada katika agizo lile unahusu minada ambayo watu wanaweza kuhudhuria wenyewe.

Mahali pengine hesabu ni nyingine. Uchina imewapa wanunuzi wa mtandaoni siku 7 za kurudisha bila sababu tangu Machi 2014, na Afrika Kusini ina siku 7 katika sheria yake ya miamala ya kielektroniki ya mwaka 2002. Nchini Marekani, ile kanuni ya shirikisho ya siku 3 za kughairi ambayo watu huitaja mara kwa mara haihusu ununuzi uliofanywa mtandaoni. Huko mnunuzi hutegemea sera ya muuzaji na ya soko. Kwa hiyo usimwandikie muuzaji ukidai haki uliyoisoma mahali fulani kabla hujajua kama inamfikia alipo.

Fedha zinarudi vipi

Wengi huona kwenye simu kwamba fedha zimekatwa na kudhani zimeshafika kwa muuzaji. Kwa malipo ya kadi, si lazima iwe hivyo. Unapoweka oda, soko huweza kuiomba benki izuie kiasi hicho tu, na kukichukua kihalisi wakati bidhaa inapotumwa. Ukighairi mapema, hakuna cha kurejeshwa. Kizuizi huachiwa na benki, na alama ile hutoweka kwenye taarifa yako baada ya siku kadhaa bila kuonekana muamala wa fedha kuingia. Hivyo usitafute muamala mpya, angalia kama salio limerudi lilivyokuwa. Ikiwa fedha zilikuwa zimeshachukuliwa, zitarudi kama muamala tofauti, kwa kawaida kwenye kadi au akaunti ile ile iliyolipa. Kadi ikiwa imefungwa au imebadilishwa tangu hapo, wasiliana na benki iliyoitoa. Ikiwa ulilipa sehemu ya bei kutoka kwenye salio la zawadi la soko, sehemu hiyo hurudi kwenye salio na si benki, na kama fedha yako si ile ya muuzaji, tofauti ya viwango vya kubadilishia inaweza kukupunguzia kidogo.

Kwa PayPal, ambayo ni huduma ya malipo ya mtandaoni, malipo ambayo bado hayajapokelewa na mhusika yanaweza kughairiwa na mlipaji mwenyewe, lakini yaliyokamilika hayaghairiki. Hurejeshwa na muuzaji. Mgogoro kuhusu bidhaa ambayo haikufika au haifanani na maelezo unaweza kufunguliwa ndani ya siku 180.

Na hapa pana onyo la kusisitiza. Usikimbilie benki kuyapinga malipo ya kadi kwa ajili ya kosa lako mwenyewe. Utaratibu huo umewekwa kwa ajili ya malipo ambayo hukuyaidhinisha, bidhaa ambayo haikufika, bidhaa isiyolingana na maelezo, au fedha ambazo muuzaji alikubali kuzirejesha asizirejeshe. Oda uliyoibonyeza vibaya ulikuwa umeiidhinisha. Ukidai kinyume, muuzaji ataonyesha kumbukumbu za oda na utashindwa, na soko linaweza kuifunga akaunti yako pamoja na historia yake yote. Lakini kama oda ilighairiwa kwa maandishi na fedha hazikurudi baada ya muda uliotajwa, hapo benki ni mahali pake, na zile picha za skrini ndizo ushahidi wako.

Vitu visivyo na kifurushi

Programu, michezo na vitabu vya kielektroniki havisubiri lebo, kwa hiyo muda wake huhesabiwa tangu kununua na hutegemea kama umeshavitumia. Google Play hupokea maombi ya kurejeshewa fedha ndani ya saa 48, na baada ya hapo humwelekeza mnunuzi kwa mtengenezaji wa programu; malipo ambayo hakuyaidhinisha huripotiwa ndani ya siku 120. Kitabu cha kielektroniki cha Kindle, huduma ya Amazon, kilichonunuliwa kwa bahati mbaya kinaweza kurejeshwa ndani ya siku 7, ila aliyekwisha kusoma sehemu kubwa ya kitabu asitarajie njia ya haraka kuwa wazi kwake. Usajili unaojirudia kila mwezi ni jambo jingine: kuifuta programu kwenye simu hakuusitishi, na ni lazima uusitishe kwenye ukurasa wa usajili wa akaunti.

Kupunguza nafasi ya kosa kurudi

Mwaka 1999 kampuni ya Amazon ilipewa nchini Marekani hataza, yaani haki ya kisheria ya kuutumia peke yake, ya utaratibu wa kununua kwa kubonyeza mara moja, na hataza hiyo ilipokwisha muda wake mwaka 2017, duka lolote likawa huru kuutumia utaratibu huo. Kila hatua iliyoondolewa kati ya kuona na kulipa ni hatua ambayo ungeweza kuligundua kosa. Kwenye mipangilio ya akaunti, zima ununuzi wa mbonyezo mmoja, futa anwani za zamani, na weka sharti la nywila au alama ya kidole kabla ya kila malipo, hasa kwenye kifaa kinachoshikwa na watoto. Kama unatumia kipaza sauti janja kinachopokea amri za kununua, kiwekee namba ya siri au zima uwezo huo kabisa.

Kuna hali moja ya mwisho isiyo ya kawaida sana, ambayo watu huishughulikia vibaya. Oda imeghairiwa, fedha zimerudi, na siku chache baadaye kifurushi kinafika mlangoni kwa sababu mtu wa ghala alikuwa ameshakipakia. Usikifungue. Mwandikie muuzaji kwenye ujumbe wa soko, mpe namba ya kufuatilia iliyo kwenye lebo, na umwulize anataka kirudishwe vipi na kwa gharama yake. Akijibu kwamba ubaki nacho, jibu hilo liwe limeandikwa ndani ya soko, kwa kuwa bila hilo anaweza kuitoza tena kadi yako au kufungua madai dhidi ya akaunti yako, naye atakuwa na namba ya kufuatilia inayoonyesha kwamba mzigo ulipokelewa kwako.